Dawa ya Deni ni Kulipa: Toba, Imani na Ardhi ya Chai

Katika mazishi mengi ya Kericho na Bomet kuna tangazo ambalo waombolezaji hulitarajia kama wanavyotarajia sala. Kabla ya jeneza kuteremshwa, msemaji wa familia husimama na kuuliza kama kuna mtu aliyekuwa akimdai marehemu. Mwenye dai huelekezwa kwa wazee wa ukoo, siku hutengwa, mashahidi husikizwa, na deni likithibitika hulipwa. Hakuna mwana anayesema kwamba baba alikufa na deni lake, basi watu watawanyike. Aliyerithi ng'ombe na shamba amerithi pia kilichokuwa kikidaiwa juu ya ng'ombe na shamba hilo.

Desturi hiyo inabeba jibu la swali zito kuliko yote katika milima hii ya chai: ni nani anayewajibika kwa dhuluma iliyotendwa na watu waliokwisha kufa, juu ya watu waliokwisha kufa, ilhali ardhi iliyochukuliwa bado iko pale pale na kila asubuhi inachumwa? Tumelipeleka swali hili kwa mawakili na wanasiasa. Nadhani tumechelewa kulipeleka mahali pake pa asili, yaani kwenye imani na dhamiri zetu.

Tukumbuke kwanza kilichotokea. Tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei, orkoiyot (kiongozi wa kiroho) wa Wanandi, aliuawa na afisa Mwingereza Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitishwa kwa jina la amani. Ndugu yake, Kipchomber arap Koilegen, aliyekuwa orkoiyot miongoni mwa Wakipsigis, alihamishwa mbali na watu wake akafia uhamishoni. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliwafanya Waafrika kuwa wapangaji wa Mfalme katika nchi waliyozaliwa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, maelfu ya ekari karibu na Kericho yalitengwa kwa ajili ya maafisa wa Uingereza waliojeruhiwa vitani, wakalime kitani. Kitani kikawashinda. Ndipo makampuni ya chai yakaingia: Brooke Bond mwaka 1924, na James Finlay mwaka uliofuata. Wakipsigis walisukumwa kwenye eneo walilotengewa, wengine wakabaki kama maskwota na vibarua katika ardhi ya babu zao.

Mwaka 1934 ikaja sheria iliyolenga imani yenyewe. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa Malaibon, ikikusudia ukoo wa Talai, ukoo wanamotoka orkoiik. Watu hawa walibariki safari na vita, walitabiri, waliombwa ushauri juu ya mvua na maradhi. Serikali iliwashutumu kuwa wachochezi wa wizi wa ng'ombe na uasi. Mamia yao, wazee kwa watoto wachanga, walihamishiwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, nchi ya joto, mbung'o na mbu, wakakaa huko hadi uhuru ulipokaribia. Waliporudi hawakukuta mashamba yao yakiwasubiri, na wengi wa wajukuu wao wanaishi hadi leo pembeni mwa mji wa Kericho bila ardhi.

Angalia msingi wa kimaadili wa sheria hiyo. Ilishika kwamba hatia inapita katika damu, na kwamba mtoto mchanga anaweza kuadhibiwa kwa yale yanayodaiwa kufanywa na ami yake. Leo warithi wa dola iliyotunga sheria hiyo wanaambiwa walipe, na jibu linalosikika ni kwamba kizazi cha sasa hakiwezi kubebeshwa makosa ya kizazi kilichopita. Haiwezekani hoja zote mbili zisimame. Kama ukoo mzima uliweza kufukuzwa kwa sababu ya wachache, dola nzima inaweza kuwajibika kwa kile ilichofanya kwa sheria, kwa muhuri na kwa bunduki.

Tarehe 31 Oktoba 2023 Mfalme Charles alisimama Ikulu ya Nairobi akataja huzuni na majuto makubwa kwa maovu yaliyotendwa dhidi ya Wakenya wakati wa ukoloni. Hakuomba radhi rasmi, wala hakutaja fidia. Sisemi alidanganya, naamini alihuzunika. Lakini huzuni ni hali ya moyo wa aliyekosa, nayo humwacha aliyekosewa pale pale alipokuwa. Miaka kumi kabla yake, Juni 2013, serikali ya Uingereza ilieleza majuto kwa mateso ya wakati wa Mau Mau, ikakubali pia kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wazee zaidi ya 5,000 walioteswa na gharama za kesi yao. Fedha hizo zilikuwa kidogo mno zikipimwa na vipigo vile, ila zilithibitisha kwamba inawezekana. Kwa Wakipsigis na Watalai, hata hicho kidogo hakijaja. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi, iliyopewa na Katiba jukumu la kuchunguza dhuluma za kihistoria, ilikubali malalamiko yao. Mwaka 2022 walipeleka shauri lao dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya huko Strasbourg. Wazee waliozaliwa Gwassi wanaendelea kuzikwa.

Sasa tuzisikilize imani zinazosali katika milima hii, kwa kuwa zote zimeshughulika na jambo hili tangu zamani.

Mkristo wa Bomet, awe wa Africa Gospel Church iliyokua kutokana na misheni ya Tenwek au wa kanisa kuu la Moyo Mtakatifu pale Kericho, anaijua habari ya Zakayo. Mtoza ushuru yule alipoguswa hakuishia kwenye machozi. Alisimama nyumbani mwake akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa kila aliyemdhulumu, mara nne ya alichomnyang'anya. Ndipo akaambiwa wokovu umefika katika nyumba ile. Kitabu cha Hesabu, sura ya tano, kinaweka sheria hiyo kwa utulivu wa mhasibu: mkosaji aungame, arudishe kitu chenyewe, aongeze sehemu ya tano juu yake.

Mwislamu anayesali katika msikiti wa Kericho amefundishwa masharti ya toba: aache kosa, ajute, aazimie kutolirudia, na kama kosa lilihusu haki ya mtu, airudishe haki hiyo kwa mwenyewe. Mungu husamehe lililo baina yake na mja wake. Haki ya jirani inabaki kwa jirani mpaka ailipwe au aisamehe kwa hiari yake. Katika mirathi pia, Kurani inatanguliza deni la marehemu mbele ya mgao wa warithi.

Masingasinga wa Kericho, ambao gurdwara yao humlisha msafiri bila kumwuliza dini, wamefundishwa tangu Guru Nanak kwamba kula haki ya mwingine ni unajisi, hata kama mlaji anasali mchana na usiku. Nao Wakipsigis, kabla ya misheni yoyote kufika, walimwomba Mungu wao, Asis, wakijua kwamba damu iliyomwagika haikauki yenyewe. Mtu alipoua, ng'ombe wa fidia hawakutoka katika zizi lake peke yake. Ukoo wake, oret, ulichanga, kwa sababu ukoo ulionufaika na nguvu zake ulibeba pia mzigo wa kosa lake.

Mapokeo haya manne hayakuandikiana barua. Moja lilizaliwa Palestina, moja Makka na Madina, moja Punjab, moja hapa hapa chini ya msitu wa Mau. Yanatofautiana juu ya Mungu, juu ya mwili, juu ya siku ya mwisho. Juu ya hili yanakubaliana: aliyechukua arudishe.

Makubaliano hayo yanatusaidia katika swali la kale. Katika mazungumzo yaliyoandikwa na Plato, Socrates anamwuliza Euthyphro: je, jema ni jema kwa sababu miungu imelipenda, au miungu inalipenda kwa kuwa ni jema? Wasomi hulizungumza swali hili kana kwamba linaelea hewani. Wengi husahau kilichompeleka Euthyphro mahakamani siku ile: alikuwa anamshtaki baba yake mzazi kwa kifo cha kibarua katika shamba la familia. Jamaa zake walikasirika. Walisema mwana hamshtaki baba, na tena marehemu mwenyewe alikuwa muuaji. Swali la Socrates, kwa hiyo, liliulizwa juu ya shamba, kibarua aliyekufa, na familia iliyotaka yaishe kimya kimya. Mchuma chai wa Kericho angelielewa mara moja.

Jibu langu ni kwamba kurudisha haki ni wajibu hata kama mbingu zingenyamaza. Dini zimelitambua jema hili na kulipa nguvu ya kiapo, sala na hofu ya laana. Hazikuliunda. Ndiyo maana wajibu huu unamshika asiyeamini sawasawa na mwenye kuamini. Katika sensa ya 2019 takriban asilimia 1.6 ya Wakenya walisema hawana dini. Katiba yetu ya 2010 inamtaja Mwenyezi Mungu katika utangulizi wake, kisha katika Ibara ya 8 inakataa kuwapo kwa dini ya taifa, na katika Ibara ya 32 inalinda dhamiri na imani ya kila mtu. Wenye dini, wasio na dini na wenye kumwomba Asis tunaweza kuketi katika baraza moja la kokwet na kukubaliana kwamba kilichochukuliwa kwa nguvu kinadaiwa.

Zipo hoja za upinzani, na zenye uzito zinastahili kujibiwa kwa heshima.

Ya kwanza inatoka ndani ya vitabu vitakatifu vyenyewe. Nabii Ezekieli, sura ya 18, anafundisha kwamba mwana hatabeba uovu wa baba. Kurani nayo inasema hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Ninayakubali mafundisho hayo kwa moyo wote. Ndiyo yanayoihukumu sheria ya 1934. Lakini hatia na deni ni vitu viwili. Wakipsigis walikuwa na desturi ya kuwekeana ng'ombe, kimanagan: ninakupa ng'ombe wangu umtunze, maziwa ni yako, ila yeye na ndama wake wanabaki kuwa wangu. Ukifa, mwanao hana kosa lolote kwa kumkuta ng'ombe yule zizini. Hata hivyo hakuwa mwenye ng'ombe kwa kuwa amemkuta hapo, na nikija kumdai hawezi kunijibu kwamba yeye hakuwapo siku ya makubaliano. Ikiwa ndivyo ilivyo kwa ng'ombe aliyetolewa kwa urafiki, aliyechukuliwa kwa bunduki ana udhuru gani? Kijana wa London hana hatia ya Gwassi. Dola yake, ambayo ni ile ile haijafa, ina deni.

Hoja ya pili aliiandika mwanafalsafa Jeremy Waldron mwaka 1992: kwamba mazingira yakibadilika sana, umiliki uliokuwa dhuluma jana unaweza kukoma kuwa dhuluma leo, maana watu wapya wamejenga maisha yao juu yake. Hapa kwetu hoja hiyo ina sura na majina. Maelfu ya familia hula kwa kuchuma chai ya makampuni. Wakulima wadogo wanaouza majani yao kupitia shirika la KTDA wanategemea soko lile lile. Mashamba yamekwisha kubadilisha mikono: Unilever iliondoka katika biashara ya chai, na mwaka 2023 kampuni ya Browns ya Sri Lanka ilikubaliana kununua mashamba ya James Finlay, mwaka uliofuata ikakubaliana kununua yale ya Lipton, yaliyokuwa ya Unilever. Je, Msri Lanka alipe deni la Mwingereza?

Ninaona Waldron ana haki juu ya namna ya kulipa. Hakuna mwenye busara anayetaka miti ya chai ing'olewe na vibarua wafukuzwe ili ramani ya 1900 irudi. Lakini mabadiliko ya mazingira yanabadilisha njia ya malipo, hayafuti malipo. Na kuuza mali inayodaiwa hakuondoi dai. Mnunuzi ambaye alisoma magazeti alijua ananunua nini, na muuzaji alijua anakimbia nini. Mpango, katika mauzo hayo, wa kuiachia jamii ya eneo asilimia 15 ya hisa ni hatua njema ya kibiashara, na ninaipongeza. Hisa, hata hivyo, humpa mtu faida ya kesho. Dai la Gwassi ni la jana, na halijapata jibu.

Hoja ya tatu husikika mimbarani: sameheni, msahau, songeni mbele. Msamaha ni zawadi kubwa, na nimewaona wazee waliosamehe bila kulipwa chochote nikawaheshimu. Lakini zawadi hutolewa na mwenye nayo. Mchungaji hawezi kusamehe kwa niaba ya mjane wa Kitalai, wala serikali haiwezi kumwamuru asamehe ili wageni wa heshima wasisumbuliwe. Anayehubiri msamaha kwa aliyekosewa kabla ya kuhubiri malipo kwa aliyekosa amegeuza mpangilio wa toba kichwa chini.

Sasa nifike mahali pagumu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Sisi tunaodai tunadaiwa pia.

Tunadaiwa na Watalai wenyewe. Waliporudi kutoka Gwassi hawakukutana na baridi ya serikali peke yake. Majirani waliwaogopa, wengine wakakataa kuwaoza binti zao, na baadhi ya wahubiri wakawafundisha waumini kwamba ukoo ule ni wa uchawi na laana. Mkoloni aliwafukuza kwa sababu ya imani yao, nasi tukaendeleza kazi yake kwa mnong'ono.

Tunadaiwa na vibarua wa 2007 na 2008. Baada ya uchaguzi uliobishaniwa, watu waliokuja kutoka Kisii, Luo Nyanza na kwingineko kuchuma chai walishambuliwa katika nyumba zao ndani ya mashamba. Baadhi waliuawa, wanawake walibakwa, wengi walikimbia na nguo walizovaa. Wapo waliokimbilia kwa watawa wa Kipkelion wakapewa hifadhi. Vibarua na familia zao 218 waliishtaki Unilever nchini Uingereza wakidai haikuwalinda, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ya huko ikawakatalia. Tulizungumza sana juu ya wajibu wa kampuni. Tulizungumza kidogo mno juu ya mikono iliyoshika rungu, nayo haikutoka London. Je, ni kanisa gani la Kericho liliwahi kusoma tangazo la kuwaita waliofukuzwa, waje waorodheshe vilivyopotea? Ni ukoo gani ulichanga ng'ombe? Tusipofanya hivyo tunawafundisha watoto wetu kwamba fidia ni kitu wanachodaiwa wazungu tu.

Tunadaiwa na wanawake. Februari 2023 BBC ilitangaza ushahidi wa wanawake zaidi ya 70 waliosema walinyanyaswa kingono na wasimamizi wao katika mashamba ya chai, yale yaliyokuwa ya Unilever na ya James Finlay: kazi nyepesi kwa anayekubali, kufukuzwa kwa anayekataa. Wengi tulishtuka kwa kamera tu, maana habari yenyewe ilijulikana kambini siku nyingi. Wasimamizi wa mashamba hukaa katika viti vya mbele Jumapili kama watu wengine wenye cheo. Walitoa sadaka, walichangia paa na vyombo vya muziki, nasi hatukuuliza. Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, alikataa mchango wa mamilioni uliotolewa na Rais katika kanisa moja la Kayole, ili altare isigeuzwe jukwaa la siasa. Ujasiri kama huo unahitajika katika kila parokia na kila kanisa la mabati kati ya Litein na Silibwet: sadaka ya anayedaiwa na mnyonge irudi kwanza kwa mnyonge.

Hasira haitalipa deni hili. Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa Kericho katika ghasia zilizogharimu maisha. Ninaelewa uchungu wa kibarua anayeona kazi ya mikono kumi ikifanywa na mashine moja. Lakini moto hauna hesabu; huchukua kwa asiyedaiwa na kumwacha anayedaiwa.

Malipo yana hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu kuiandika. Uingereza itamke kosa kwa jina lake, iombe radhi kwa Wakipsigis na Watalai, na iketi nao kuzungumza fidia kabla wazee waliozaliwa Gwassi hawajaisha. Serikali ya Kenya, ambayo ilirithi mikataba ya ardhi kutoka kwa mkoloni na kukusanya kodi zake tangu 1963, iwape Watalai ardhi yenye hati na itekeleze yale Tume yake yenyewe iliyoyaona. Wamiliki wapya wa mashamba wakubali kuwa wamenunua ardhi yenye dai juu yake, na waanze na lile lililo mikononi mwao leo: mwanamke achume chai bila kuuza utu wake. Wazee wa koo za Kipsigis, pamoja na makanisa na misikiti, waitishe mabaraza ya kuwasikiliza waliofukuzwa 2008, na wachange kama oret zilivyochanga.

Kwa maaskofu, wachungaji, maimamu na wazee wetu nina ombi moja. Mnasimama katika makaburi yetu kila wiki, na sauti zenu zinasikika hata pale ambapo gazeti hili halifiki. Hubirini kulipa kwa bidii ile ile mnayohubiri kusamehe. Anzeni na waumini wenu wenyewe, kisha mwandikieni Mfalme wa Uingereza. Atakayewasoma atajua kwamba barua imetoka kwa watu waliokwisha kulipa ya kwao, na hatakuwa na neno la kuwajibu ila kulipa.